Namba Iliyo Kwenye Skrini ya CT: Jinsi Dozi ya Mionzi Inavyopimwa kwa Mtoto, na Mahali Inapoweza Kutupotosha

Kila mtoto anapofanyiwa kipimo cha CT, mashine huandika kwenye skrini namba mbili au tatu zinazoeleza kiasi cha mionzi kilichotumika. Namba hizo huhifadhiwa pamoja na picha, lakini ni nadra kusomwa. Mzazi haonyeshwi. Daktari aliyeagiza kipimo huzipita akitafuta majibu ya picha. Na sisi tunaofanya kazi katika idara za radiolojia, ambao kwa kawaida ndio tunaozitazama, aghalabu huzichukua kana kwamba ndiyo dozi aliyoipata mtoto, ilhali kwa mtoto mdogo namba hiyo yaweza kuwa nusu tu ya dozi yenyewe.

Makala haya yanakusudia kueleza namba hizo zinatoka wapi, zinasema nini, zinaficha nini, na namna mhudumu wa afya na mzazi wanavyoweza kuzitumia kwa manufaa ya mtoto. Hayakuandikwa ili kumtisha mtu. Tangu mgonjwa wa kwanza alipopimwa kichwa kwa mashine ya Godfrey Hounsfield mjini London mwaka 1971, kipimo cha CT kimeokoa maisha ya watu wengi mno, watoto wakiwemo. Damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya ajali, jipu la ubongo, uvimbe wa figo: haya yote huonekana kwa dakika chache, na mtoto hupelekwa kwenye matibabu akiwa angali na nafasi ya kupona. Mzazi anayekataa kipimo kinachohitajika kwa kuogopa mionzi humweka mwanawe katika hatari kubwa kuliko ile anayoikimbia. Hali kadhalika, mhudumu anayeagiza kipimo kisichohitajika humpa mtoto mzigo usio na faida. Kupima dozi kwa usahihi ndiko kunakotuwezesha kuziepuka hatari zote mbili.

Kwa nini mtoto asihesabiwe kama mtu mzima mdogo

Sababu ziko tatu. Ya kwanza ni ya kibayolojia. Chembehai za mtoto zinagawanyika kwa kasi ili mwili ukue, na chembehai inayogawanyika ina nafasi kubwa zaidi ya kurithisha hitilafu iliyosababishwa na mionzi. Kamati ya Kisayansi ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2013 kwamba kwa takriban robo ya aina za saratani, watoto huathirika kwa urahisi zaidi kuliko watu wazima. Miongoni mwa aina hizo ni saratani ya damu, ya tezi ya shingo, ya ngozi, ya matiti na ya ubongo.

Sababu ya pili ni umri. Saratani inayotokana na mionzi huchukua miaka mingi kujitokeza. Mzee wa miaka 75 anayepimwa leo hana miaka mingi ya kuisubiri; mtoto wa miaka mitatu anayo.

Sababu ya tatu ni ukubwa wa mwili, na ndiyo inayohusiana moja kwa moja na upimaji wa dozi. Mionzi inapoingia mwilini, tabaka za nje huifyonza sehemu yake kabla haijafika ndani. Katika tumbo la mtu mzima mnene, viungo vya katikati hupata kinga ya nyama na mafuta yaliyovizunguka. Tumbo la mtoto halina kinga hiyo. Mashine ikizunguka na kutoa mionzi ile ile, kila kiungo cha mtoto kitapata zaidi ya kile cha mtu mzima, kwa kuwa mionzi ya kila upande hufika karibu kila mahali.

Vipimo viwili vinavyochanganywa: grei na siverti

Kabla ya kuzisoma namba za skrini, yafaa tutofautishe vipimo viwili. Cha kwanza ni grei, kilichopewa jina la mwanafizikia Mwingereza Louis Harold Gray. Grei moja ni nishati ya jouli moja iliyofyonzwa na kilo moja ya mada. Kwa kuwa kiasi hicho ni kikubwa mno kwa uchunguzi wa kawaida, hutumika miligrei, yaani sehemu moja ya elfu.

Cha pili ni siverti, kilichopewa jina la Rolf Sievert wa Sweden. Kipimo hiki huzingatia kwamba viungo havilingani kwa wepesi wa kudhurika: uboho, utumbo mpana, mapafu, tumbo na matiti hupewa uzito mkubwa kuliko mfupa au ngozi. Kwa hiyo siverti hujaribu kutoa picha ya mzigo wa mwili mzima. Kwa wastani wa dunia, kila mtu hupata takriban milisiverti 2.4 kwa mwaka kutokana na mionzi ya asili, ile itokayo ardhini, angani, kwenye hewa tunayovuta na katika vyakula tunavyokula.

Grei hupimika kwa kifaa. Siverti hukokotolewa kwa mfano wa mwili wa wastani, wala haikubuniwa kumwelezea mgonjwa mmoja mahususi. Hutufaa kulinganisha kipimo kimoja na kingine, au mashine moja na nyingine. Haifai kumwambia mzazi, "Mwanao ana uwezekano wa asilimia kadhaa wa kupata saratani."

Fantomu: mwili wa plastiki

Namba ya kwanza kwenye skrini aghalabu huandikwa CTDIvol, nayo husomwa kwa miligrei. Ili kuelewa inakotoka, ni lazima tumfahamu "mgonjwa" aliyepimwa kweli. Mgonjwa huyo ni silinda ya plastiki ya akriliki, ambayo wataalamu huiita fantomu. Ziko fantomu mbili za kawaida: moja ina kipenyo cha sentimita 16 na huwakilisha kichwa, nyingine ina kipenyo cha sentimita 32 na huwakilisha kiwiliwili cha mtu mzima. Kila moja ina tundu moja katikati na mengine manne pembezoni.

Mtaalamu wa fizikia ya tiba huilaza fantomu mahali pa mgonjwa, huingiza katika tundu kifaa chembamba mfano wa kalamu, chenye urefu wa sentimita 10, kinachoitwa chemba ya ayoni, kisha huwasha mashine. Mionzi ikipita katika hewa iliyomo ndani ya kifaa huzalisha chaji za umeme, na kiasi cha chaji hizo hutafsiriwa kuwa dozi. Hupimwa katikati, kisha pembezoni. Wastani hupatikana kwa kuchukua theluthi moja ya kipimo cha katikati na theluthi mbili za kipimo cha pembezoni. Mwisho, wastani huo hurekebishwa kwa kadiri meza inavyosogea mashine inapozunguka: meza ikienda upesi, mizunguko huachana na dozi hupungua, ikienda polepole, mizunguko hupandana na dozi huongezeka.

Namba ya pili ni DLP. Hii ni CTDIvol iliyozidishwa kwa urefu wa sehemu iliyopigwa picha, kwa sentimita. Ikiwa CTDIvol ni miligrei 25 na kichwa kilichopigwa picha kina urefu wa sentimita 14, DLP ni 350. Endapo mpimaji ataendelea hadi shingoni na kufikisha sentimita 20, CTDIvol itabaki 25 ile ile, lakini DLP itapanda hadi 500, na tezi ya shingo itakuwa imeingizwa katika mionzi bila sababu. Ikiwa mtoto atapigwa picha mara mbili, kabla na baada ya kudungwa dawa ya kuonyesha mishipa, DLP itajirudia mara mbili. Namba hizi mbili zikisomwa pamoja hutueleza mambo mawili: mashine ilitoa mionzi kwa nguvu gani, na ilienea umbali gani.

Mahali namba inapopotosha

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. CTDIvol hueleza mashine ingempa fantomu dozi gani kwa mpangilio uliotumika. Haimjui mtoto aliyelala pale. Kwa kichwa, tofauti si kubwa, kwa kuwa kichwa cha mtoto hakiko mbali sana na fantomu ya sentimita 16. Kwa tumbo na kifua, tofauti ni kubwa, maana mtoto wa miaka minne hupimwa huku namba ikikokotolewa kwa fantomu yenye kipenyo cha sentimita 32.

Mwaka 2011 Chama cha Wanafizikia wa Tiba cha Marekani kilitoa ripoti yake namba 204, inayoonyesha namna ya kuirekebisha namba ya skrini kulingana na ukubwa wa mgonjwa. Njia yenyewe ni nyepesi. Hupimwa unene wa tumbo kutoka mbele hadi nyuma, na upana kutoka ubavu hadi ubavu. Vipimo hivyo huzidishwa, kisha hutafutwa kipeo cha pili cha jibu. Hicho ndicho kipenyo halisi cha mgonjwa. Baada ya hapo husomwa kizidisho katika jedwali.

Tuchukue mfano. Mtoto ana tumbo lenye unene wa sentimita 14 na upana wa sentimita 18. Mara ya vyote viwili ni 252, na kipeo chake cha pili ni karibu 16. Skrini inaonyesha CTDIvol ya miligrei 5, kwa fantomu ya sentimita 32. Kizidisho cha kipenyo cha sentimita 16 ni 2.06. Kwa hiyo dozi inayokaribia ukweli wa mtoto huyu ni miligrei 10.3, zaidi ya mara mbili ya iliyoandikwa. Kama mashine ingetumia fantomu ya sentimita 16 kukokotoa namba yake, kizidisho kingekuwa 1.01, na skrini ingeonyesha takriban 10 kwa kipimo kile kile, mtoto yule yule, mionzi ile ile.

Hapo ndipo penye hatari ya kuchanganya. Baadhi ya mashine zimekuwa zikiripoti kipimo cha tumbo la mtoto kwa fantomu ndogo, nyingine kwa fantomu kubwa. Hospitali mbili zikilinganisha namba zao bila kuuliza ni fantomu ipi iliyotumika, iliyo na namba ndogo inaweza kujisifu kwamba inawalinda watoto, ilhali ndiyo inayowapa mionzi zaidi. Kwa bahati njema, taarifa ya dozi inayohifadhiwa mwishoni mwa kipimo kwa kawaida hutaja ukubwa wa fantomu pembeni mwa namba. Asiyeisoma sehemu hiyo hajaisoma taarifa.

DLP nayo hubadilika maana kwa umri. Tukirudi kwenye DLP ya 350 ya kichwa, vizidisho vinavyotumika kuigeuza kuwa milisiverti ni 0.0021 kwa mtu mzima, 0.0040 kwa mtoto wa miaka mitano, na 0.0067 kwa mtoto wa mwaka mmoja. Namba hiyo hiyo ya 350 ni milisiverti 0.7 kwa mtu mzima, 1.4 kwa mtoto wa miaka mitano, na 2.3 kwa mtoto wa mwaka mmoja. Huyu wa mwisho amepata katika sekunde chache mzigo unaokaribia mionzi ya asili ya mwaka mzima. Mtaalamu asemaye, "Tumetumia dozi ile ile ya watu wazima, haina tatizo," ajue kwamba kwa mwili wa mtoto si ile ile.

Hatari ni kubwa kiasi gani

Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu karibu 180,000 waliofanyiwa CT wakiwa na umri wa chini ya miaka 22. Waligundua kwamba kadiri dozi ya uboho na ya ubongo ilivyoongezeka, ndivyo saratani ya damu na uvimbe wa ubongo vilivyoongezeka. Hata hivyo, idadi yenyewe ilikuwa ndogo: walikadiria kwamba kwa kila watoto 10,000 wa chini ya miaka 10 wanaopimwa kichwa mara moja, angetokea mmoja zaidi mwenye saratani ya damu na mmoja zaidi mwenye uvimbe wa ubongo katika miaka 10 ya mwanzo.

Mwaka 2023 utafiti mkubwa zaidi, uliokusanya watu wanaokaribia 950,000 kutoka nchi tisa za Ulaya, ulithibitisha uhusiano huo kwa saratani za damu. Kwa dozi za siku hizi, ambazo kwa wastani hufikisha takriban miligrei 8 kwenye uboho, walikadiria kwamba kati ya watoto 10,000 wanaopimwa, mmoja au wawili wangepata saratani ya damu itokanayo na mionzi hiyo katika miaka 12 inayofuata.

Mhudumu wa afya na aitazame namba hii kwa pande zote mbili. Kwa mtoto mmoja aliyeanguka na kupoteza fahamu, mmoja katika 10,000 ni hatari ndogo mno ikilinganishwa na damu inayovuja ubongoni. Kwa taifa linalopima watoto wengi kila mwaka, huku sehemu yao wakipimwa bila sababu ya msingi, mmoja katika 10,000 ni watoto halisi wenye majina na wazazi. Ndiyo maana tunapigania kila miligrei isiyo ya lazima.

Viwango vya marejeo

Tutajuaje kwamba dozi ya hospitali yetu ni kubwa mno? Jibu ni viwango vya marejeo. Hospitali nyingi hukusanya dozi zao kwa kipimo kimoja na kundi moja la umri au uzito. Kila moja hutafuta namba yake ya katikati. Kisha namba hizo hupangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Mahali ambapo robo tatu ya hospitali ziko chini na robo moja iko juu ndipo huwekwa kiwango cha marejeo. Hospitali iliyo juu yake haijavunja sheria, bali imeonyeshwa kwamba wenzake wengi hupata picha zinazotosha kwa mionzi michache zaidi, hivyo inapaswa kuchunguza sababu.

Mwongozo wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2018 uliweka, kwa CT ya kichwa, CTDIvol ya miligrei 24 kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, 28 kwa wa miezi mitatu hadi kabla ya mwaka mmoja, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka sita, na 50 kwa wa miaka sita na kuendelea, zote kwa fantomu ya sentimita 16. Kwa kifua na tumbo, mwongozo huo huwagawa watoto kwa uzito badala ya umri, kwa sababu watoto wawili wa miaka mitano wanaweza kutofautiana sana kwa unene. Viwango hivyo havimhusu mgonjwa mmoja mmoja. Vinahusu mwenendo wa idara.

Kwetu Afrika jambo hili si geni. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti ulioratibiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki kuhusu CT za watoto katika nchi 19 zinazoendelea, na mwandishi wake wa kwanza alitoka Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Ulibaini kwamba vipimo vya kichwa ndivyo vilivyoongoza, karibu robo tatu ya vyote, na kwamba katika vituo 11 vya nchi sita, watoto walikuwa wakipimwa kwa mipangilio ya watu wazima. Mashine hazikuwa mbovu, na kurekebisha mpangilio hakuhitaji kununua chochote.

Wajibu wa wahudumu wa afya

Daktari anayeagiza kipimo ndiye mlinzi wa kwanza, kwa kuwa dozi ya kipimo kisichofanyika ni sifuri. Kwa mtoto aliyeumia kichwa, utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 uliohusisha watoto 42,412, waliofikishwa hospitali ndani ya saa 24 wakiwa na fahamu kamili au karibu kamili, ulitoa dalili za kutazama. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili ni hizi: fahamu kubadilika, uvimbe wa damu kichwani usiokuwa wa kwenye paji la uso, kupoteza fahamu kwa sekunde tano au zaidi, ajali ya nguvu kubwa, mvunjiko wa fuvu unaohisiwa kwa vidole, na mzazi kueleza kwamba mtoto si wa kawaida yake. Kwa mwenye miaka miwili na kuendelea ni fahamu kubadilika, kupoteza fahamu, kutapika, ajali ya nguvu kubwa, dalili za mvunjiko wa kitako cha fuvu, na maumivu makali ya kichwa. Asiyekuwa na hata dalili moja, uwezekano wa jeraha la hatari ubongoni ulikuwa chini ya 1 katika 2,000, na CT kwa kawaida haihitajiki. Mwenye dalili moja kati ya zile nyepesi anaweza kuwekwa chini ya uangalizi kwa saa kadhaa. Mwenye fahamu iliyobadilika au mvunjiko wa fuvu apimwe bila kuchelewa. Tazama pia kwamba neno la mama, "Mwanangu leo hayuko sawa," limo katika orodha ya dalili za kitabibu, lisipuuzwe.

Kabla ya kuagiza, ulizeni pia kama ultrasaundi ingetosha. Kwa mtoto mchanga ambaye utosi haujafunga, ultrasaundi huonyesha maji ya ubongo bila mionzi yoyote. Kwa maumivu ya tumbo, mara nyingi hiyo ndiyo iwe ya kwanza. Na ulizeni picha za hospitali iliyompa rufaa: watoto wengi hurudiwa kipimo kwa sababu tu sidii au filamu iliachwa nyumbani.

Kwa mteknolojia wa mionzi, mambo yanayopunguza dozi yanafahamika. Chagua mpangilio wa mtoto kwa uzito wake. Punguza mkondo wa umeme: ukiugawa kwa nusu, dozi nayo hugawanyika kwa nusu. Kwa mtoto mdogo, shusha volti kutoka kilovolti 120 hadi 100 au 80 inapofaa. Kushuka hadi 80 bila kubadilisha mkondo hupunguza dozi kwa zaidi ya nusu. Mlaze mtoto katikati kabisa ya tundu la mashine, kwa sababu akiwa juu au chini mno, mfumo unaojirekebisha hukosea ukubwa wake. Piga picha sehemu iliyoombwa tu, na mara moja tu isipokuwa kuna sababu iliyoandikwa. Mtulize mtoto kabla ya kuanza, maana picha iliyotikisika hurudiwa, na kurudia ni dozi ya pili. Picha ya mtoto haihitaji kuwa nzuri kama ya kitabu. Inahitaji kujibu swali lililoulizwa. Hata hivyo, dozi isishushwe hadi picha ishindwe kusomeka, kwa kuwa hapo mtoto atakuwa amepata mionzi bila faida yoyote.

Baada ya kipimo, andikeni namba. Mstari mmoja katika faili unatosha: CT ya kichwa, tarehe, CTDIvol 25, fantomu 16, DLP 350. Idara inayoandika hivyo kwa miezi michache itakuwa na takwimu za kutosha kujilinganisha na wengine. Nchini Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyo chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003, ndiyo yenye dhamana ya udhibiti wa mionzi. Nchini Kenya, kazi hiyo imekabidhiwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia kwa sheria ya mwaka 2019.

Watoto wanaopimwa mara kwa mara

Kundi moja linahitaji uangalizi wa pekee: watoto wenye kichwa kikubwa kilichojaa maji, waliowekewa mrija wa kuyapunguza. Kila wanapoumwa kichwa, kutapika au kupata homa, hofu ya mrija kuziba huwarudisha kwenye CT. Mtoto wa namna hii anaweza kupimwa mara nyingi kabla hajaanza shule. Kwake yeye, mpangilio wa dozi ya chini ni jambo la kwanza kufikiriwa, kwa sababu swali ni moja tu: nafasi za maji zimepanuka au la? Swali hilo hujibiwa hata na picha yenye chengachenga. Palipo na mashine ya MRI, kipimo kifupi kinaweza kuchukua nafasi ya CT bila mionzi.

Pamoja na hayo, jumla ya dozi alizowahi kupata mtoto isitumike kumnyima kipimo anachokihitaji leo. Mionzi ya mwaka jana haiongezi hatari ya kipimo cha leo, nayo haiwezi kuondolewa kwa kukataa kipimo cha leo. Kumbukumbu hizo hutusaidia kuuliza kama tunarudia jambo lililokwisha kujibiwa.

Maswali ya mzazi

Mzazi ana haki ya kuuliza, na mhudumu ana wajibu wa kujibu kwa upole. Maswali manne yanatosha. Kipimo hiki kitabadilisha nini katika matibabu ya mwanangu? Je, kuna kipimo kisichotumia mionzi kinachoweza kujibu swali hilo? Je, mashine imepangwa kwa umri na uzito wake? Je, naweza kuandikiwa dozi katika karatasi yake? Mzazi naye ana sehemu yake: abebe picha za zamani, ataje vipimo vya awali, na akiwa ndani ya chumba avae aproni ya risasi na kumtuliza mtoto. Mama aliye mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, aseme mapema ili mwingine aingie na mtoto.

Wazazi wengine huuliza kwa nini mtoto hafunikwi kwa aproni ya risasi. Katika CT mionzi huzunguka mwili mzima wa sehemu inayopimwa, na aproni ikiingia ndani ya eneo hilo yaweza kuharibu picha au kuufanya mfumo unaojirekebisha uongeze mionzi. Ulinzi wa kweli wa mtoto umo katika mpangilio wa mashine na katika uamuzi uliofanywa kabla hajapanda mezani.

Jambo ambalo idara yoyote inaweza kulianza kesho asubuhi, bila bajeti, ni hili: kuchukua CT za watoto kumi za mwisho, kuzisoma namba zake pamoja na ukubwa wa fantomu, na kuzilinganisha na viwango vya marejeo. Zikionekana ziko juu, mteknolojia, daktari bingwa wa radiolojia na mtaalamu wa fizikia ya tiba wakae meza moja na kubadilisha mpangilio, kisha wapime tena baada ya mwezi.